Mistari ya Njano Kutoka Kipawa

Mimi ni msomaji mzuri. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nimefika umri wa kukiri ninachokiweza. Kazi yangu ni ufundi wa friji, kituo changu ni Temeke, na ufundi wa friji kwa sehemu kubwa ni kungoja. Unaziba tundu, unavuta hewa, unatia gesi, halafu unakaa saa nzima kwenye kigoda cha mwenye nyumba ukitazama kama barafu inashika. Mafundi wenzangu muda huo wanapiga soga au wanafuatilia mpira. Mimi nasoma riwaya kwenye simu. Nimesoma hivyo miaka mingi, majikoni kwa watu, na ninaamini nimesoma vitabu vingi kuliko walimu kadhaa ambao nimewatengenezea friji. Wawili kati yao nimewaambia.

Mke wangu naye ni msomaji, ila wa aina nyingine. Anasoma polepole, anarudia aya, anaweka kitabu chini na kutazama ukuta. Wakati huo alikuwa akiuza kwenye duka la dawa hapa hapa Temeke, nami nilimnunulia kishikwambi ili tuwe tunasoma pamoja. Programu ya vitabu niliyoiweka humo ina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha haya yote. Simu yangu na kishikwambi chake vilikuwa kwenye akaunti moja, kwa hiyo mmoja akipaka mstari rangi ya njano, mwenzake anaukuta wa njano kwake. Ukiandika neno pembeni mwa ukurasa, linamfikia. Hata mahali alipoishia kusoma panaonekana.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa neema. Nilikuwa natangulia sura mbili tatu mbele, halafu namwachia maelezo njiani. "Huyu shangazi usimwamini." "Hapa tulia, mwandishi anakuzuga." "Umeona? Si nilikwambia?" Nilidhani namwangazia njia. Jioni moja tukiwa tunakula akaniambia kwa upole, "Naomba uniachie kitabu kimoja, kimoja tu, nipotee mwenyewe humo ndani." Nilicheka. Nikamjibu kwamba kupotea ni kupoteza muda, nikaendelea na dagaa zangu.

Ndivyo nilivyokuwa, na sina sababu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa mtu wa kujua mwisho wa kila jambo, la kwangu na la mwenzangu.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mke wangu alikuwa ameomba nafasi ya kusomea famasia kwenye chuo kimoja cha afya mkoani. Aliniambia baada ya kuomba, si kabla, nami nikasema "vizuri" kama mtu anayesubiri mvua ipite. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya akiba, kwamba akikosekana mtu yeye ataitwa. Jumamosi moja asubuhi alikuwa bafuni anamwogesha binti yetu, aliyekuwa na miaka minne na kitu, simu yake ikaita mezani. Nikapokea. Mama mmoja mwenye haraka alijitambulisha kuwa anapiga kutoka chuoni, akasema nafasi imepatikana, je, mwombaji anaweza kuripoti Jumatano? Sikwenda hata kugonga mlango wa bafu. Nikasema, "Hataweza. Ana mtoto mdogo na hana wa kumwachia. Labda mwakani." Yule mama akashukuru, akakata. Nikairudisha simu mahali pake, na chaji nikaichomeka.

Sikumwambia siku ile wala iliyofuata. Nilijipa sababu nzuri kabisa, maana katika sababu nina kipaji. Wiki mbili baadaye alipiga simu chuoni mwenyewe kuulizia, akaambiwa kwamba mume wake alishajibu kuwa mtoto hana wa kubaki naye, na nafasi amepewa mwingine. Hakupiga kelele. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amefunga mabegi mawili, mtoto kavishwa viatu, na kishikwambi kimechomekwa kwenye mfuko wa nje wa begi kwa ajili ya katuni za mtoto. Akasema anakwenda Kipawa kwa mama yake, na kwamba mtoto naweza kumwona kila Jumapili. Nikaanza kueleza. Nilieleza mpaka bajaji ikafika, nikaeleza na wakati mabegi yanapakiwa.

Lazima sasa nimlete mama mkwe. Ni mkunga mstaafu, mtu wa kusini, na ameishi Kipawa tangu mumewe akiwa hai. Kwa watu wa kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapigi maongezi. Wakikutana kwenye kichochoro mmoja anapisha. Huo si uadui, ni heshima, na wengi wa ukoo wao hapa mjini wameshailegeza. Yeye hajalegeza hata uzi mmoja. Katika miaka saba ya ndoa nilikuwa naijua sauti yake na kikohozi chake, vyote kutoka nyuma ya pazia la mlango wa sebuleni. Uso wake niliuona vizuri kwenye picha za harusi.

"Shikamoo mama," nasema kwenye pazia.

"Marahaba, mkwe wangu," pazia linajibu, na hapo mazungumzo yetu yameisha mpaka wiki ijayo.

Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nakaa barazani Kipawa kwenye kiti cha plastiki. Mtoto anakuja mbio, ananionyesha michoro, anarudi kucheza. Mke wangu anatoka, ananisalimia, anakaa kiti cha mbali. Pale ni karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikipita watu wote wa mtaa wananyamaza katikati ya neno, ikishapita wanaendelea walipoachia. Sie wawili tulikuwa tunanyamaza hata kama hakuna ndege. Niliumia, nasema kweli. Nilikuwa narudi Temeke nikiwa na maneno mengi kifuani na hakuna wa kumpa.

Mwezi wa kwanza haujaisha, nikiwa kwa mteja nangoja friji lishike baridi, nilifungua riwaya ambayo nilikuwa nimeianza kabla ya ugomvi. Ni hadithi ya dereva wa treni aliyestaafu, akarudi nyumbani akakuta familia imeshazoea kuishi bila yeye. Kwenye kurasa za mwanzo nikakuta mstari wa njano ambao sikuupaka mimi: "Alizoea kupiga honi kabla ya kufika, akaamini kila mtu duniani ana wajibu wa kumpisha."

Moyo ulinilipuka. Kumbe mke wangu anasoma. Kumbe barazani ananinunia mbele ya mama yake, lakini ndani ya kitabu ananisemesha. Sikuwa na shaka hata chembe, mimi na shaka tulikuwa hatujuani. Nikaandika pembeni: "Honi inazuia ajali."

Kesho yake ukatokea mstari mwingine, sura ya pili, dereva akiwasimulia wanawe habari za treni: "Walimsikiliza kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijaiva." Nilicheka peke yangu mpaka mwenye friji akatoka chumbani kuja kuniangalia. Nikaandika: "Umenipata. Lakini kubali kwamba nikisimulia huwa unacheka."

Tuliendelea hivyo. Yeye anapaka, mimi naandika. Yeye haandiki, nami nikajiambia bado ana kinyongo, asubiriwe. Kulikuwa na dalili ambazo mtu mwingine angeziona. Mistari ilitokea saa nne asubuhi, saa tano, muda ambao mke wangu yuko dukani anauza dawa, nikasema basi leo wateja hakuna. Siku nyingine ilitokea kabla jua halijachomoza, na mke wangu usingizi wa alfajiri hampi mtu. Nikasema mawazo yamemkosesha usingizi, maskini, na nikaona fahari kidogo.

Siku moja nikaandika malalamiko. "Mama yako naye amezidi. Mwezi mzima nakaa pale barazani, hata maji ya kunywa sijaonjeshwa. Akikohoa nyuma ya pazia najiona kama mwanafunzi aliyechelewa." Jumapili iliyofuata mtoto alitoka na sinia limemwelemea, jagi la maji baridi yenye ndimu na sahani ya mihogo ya kukaanga. Nikamtazama mke wangu, nikamkonyeza kumshukuru.

"Jicho limeingiwa na nini?" akaniuliza.

"Hamna kitu," nikasema, nikamkonyeza tena.

"Kanawe uso, usilisugue," akasema, akaingia ndani.

Nilimsifu moyoni kwa kujua kuigiza.

Nilipoona mambo yanakwenda vizuri, nikaamua kulikabili lile jambo lenyewe. Niliandika maelezo marefu, marefu hasa, programu ikanigawanyia vipande vitatu. Nilieleza kwamba ile simu niliijibu vile kwa mapenzi. Kwamba nilimfikiria mtoto. Kwamba chuo kiko mbali, vyakula vya bweni ni vibaya, na mtu mzima kukaa darasani na vijana ni mtihani. Niliyasoma mara mbili nikaona yamenyooka, hayana pa kushika. Nikayaacha katika sura ya saba, ambayo ndiyo aliyokuwa anaifikia.

Kesho yake, katika sura hiyo hiyo ya saba, nikakuta kwa mara ya kwanza ameandika. Neno moja: "Uongo."

Nilikasirika siku mbili. Nilifanya kazi kwa hasira, nikakata bomba lisilohusika kwenye friji la mama ntilie mmoja nikalazimika kulichomelea upya. Siku ya tatu nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu nikayarudia maelezo yangu neno kwa neno, na nikaona kwamba mwanamke yule ana haki. Ulikuwa uongo. Vyakula vya bweni vinanihusu nini mimi? Chini ya lile neno nikaona pia mstari mpya umepakwa: "Kuomba radhi na kujieleza ni safari mbili, na hazipiti njia moja."

Basi nikapiga moyo konde, nikaandika kama sijawahi kuandika. "Ni kweli, ni uongo. Sikujibu ile simu kwa mapenzi. Niliogopa. Niliogopa utakwenda, na utarudi unajua mambo nisiyoyajua, na mimi sijui namna ya kuishi na mtu ambaye itanibidi nimuulize." Nilipomaliza niliteremka kwenye kigoda nikakaa sakafuni, na mwenye nyumba akadhani ni gesi imenidhuru, akaniletea maziwa.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mtu akishafungua bomba hafungi haraka. Siku mbili baadaye nikaandika tena: "Kitanda kimekuwa kikubwa. Nakumbuka miguu yako ya baridi unavyoichomeka katikati ya yangu, na mengine yanayofuata unayajua. Unakumbuka ile gesti ya Sinza, siku ya mvua, tulipomdanganya mama yako kwamba tumekwama kwenye foleni?"

Baada ya hapo njano ilikatika. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa Mtoni kwa mteja, chini ya maneno yangu ya Sinza nikakuta maandishi. Nitayaandika yote hapa kwa sababu nimeyasoma mara nyingi mpaka nayajua kwa moyo.

"Mkwe wangu. Anayesoma kitabu hiki ni mimi, mama yake. Mwanangu hajakigusa tangu aje. Mtoto aliacha kishikwambi wazi baada ya katuni, nikaona maandishi yake yanakuzwa, na macho yangu vitabu vya karatasi hayaviwezi tena. Mwanzo nilidhani unajiandikia mwenyewe kama watu wanavyojiandikia kwenye Biblia zao. Nilipoelewa nikaona haya kusema. Kwetu mimi na wewe hatuongei, nami sikuongea, nilikuwa nasoma tu. Leo nasema kwa sababu ukiendelea utaandika ambayo sitaki kuyajua. Lile neno la uongo nilimwambia mwandishi, kwa habari ya yule mwanamke anayejifungua kwa mayowe kurasa nne. Nimezalisha maisha yangu yote, haiko hivyo. Haya yako mwanangu hajayaona. Sitamwonyesha, wala sitamjibia. Wewe unajua kumjibia mtu kunaleta nini. Njoo useme kwa mdomo wako. Na ile foleni, nilijua tangu siku ile."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mwenye friji akauliza kama limekufa kabisa, nikamwambia hapana, hili litapona.

Aibu iliyonishika sina kipimo chake. Nilimwandikia mama mkwe habari za miguu. Mtu ambaye sijathubutu kumtazama usoni miaka saba, nilimpeleka gesti ya Sinza. Wazo la kwanza lilikuwa nifute kila kitu, nikaanza kufuta, kisha nikaacha, kwa kuwa aliyekwisha kusoma hafutiki. Nikarudi nyuma nikaanza kupitia mistari yote ya njano upya, sasa nikijua mkono ni wa nani. Honi ilikuwa yake. Chakula kisichoiva kilikuwa chake. Maji ya ndimu yalikuwa yake, kwa sababu nililalamika mbele yake bila kujua. Msomaji mzuri mimi nilikuwa nimemsoma mtu mwingine kabisa, siku baada ya siku, na sikukosa hata mara moja kumdhania kuwa ni mke wangu.

Ajabu ni kwamba mistari haikupungua ukali. Ilikuwa inanihusu vile vile.

Nikafikiria kumtuma mshenga wetu, mzee wa mtaani kwangu aliyesimamia posa. Desturi inaruhusu, tena inapendeza, mtu mzima anakwenda anakaa mkekani anasema kwa niaba yako kwa maneno mazuri kuliko yako. Nilishatafuta na namba yake. Ndipo nikaona kwamba nataka mtu akanisemee kwa mke niliyemsemea, nikairudisha simu mfukoni.

Sikungoja Jumapili, nilikwenda Jumamosi. Wikiendi ile mke wangu hakuwa na zamu, nikamkuta uani anafua, mabeseni mawili, mikono imejaa povu. Mtoto alikuwa kwa jirani. Nilisalimia upande wa nyumba bila kuinua macho, sauti ikaniitikia, halafu nikasikia mlango wa chumba cha nyuma unafungwa, taratibu lakini ili usikike.

"Leo si Jumapili," mke wangu akasema.

"Najua."

"Mama kaniambia una neno. Nimemuuliza neno gani, kasema si lake." Aliendelea kufikicha shati la mtoto. "Haya, sema. Mie nafua huku nasikia."

Nilikuwa nimesimama, nikachuchumaa ili tuwe kimo kimoja. Nikasema, "Ile simu niliipokea nikakujibia. Ulikuwa bafuni, hatua sita, sikukuita. Halafu nikakuficha wiki mbili. Niliogopa ungekwenda ukarudi unajua kuliko mie. Nimekukosea."

Neno "lakini" lilishafika kwenye ncha ya ulimi wangu, limevaa na viatu. Nikaling'ata.

Alikamua shati, akalikung'uta, akalianika. Akarudi kwenye beseni.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza."

"Wewe?"

"Nimemaliza."

Akaacha kufua. Alinitazama kwa muda, nadhani akingoja kipande cha pili na cha tatu, kama nilivyomzoesha. Ndege ikapita juu yetu, kubwa, chini kabisa, kamba za nguo zikatikisika. Ilipokwisha kupita nilikuwa bado nimenyamaza, na kunyamaza huko kulinigharimu kuliko yote niliyoandika.

Akakifuta kiti cha kufulia kwa kiganja, akakaa. "Basi na mie nina langu. Nimeomba tena, nimepata. Mwezi ujao naondoka. Hapa sikuulizi, nakuarifu."

"Sawa."

"Na sijasema nimekusamehe. Nimesema nimesikia."

"Sawa."

"Mtoto atabaki na wewe, Temeke. Si na mama, mama kalea wa kutosha, na macho yake unayajua. Ulimwambia yule mama wa chuo kwamba mtoto hana wa kubaki naye. Anaye. Ana baba."

Hapo nilitaka kusema habari za kazi yangu, kwamba fundi anaitwa saa yoyote, kwamba mtoto mwenyewe hali ugali bila kubembelezwa, kwamba nywele zake sijui hata zinaanzia wapi. Sikusema. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Nikirudi likizo," akasema, "nitamuuliza yeye mmeishije. Wewe sitakuuliza kitu, wewe kueleza unajua. Atakachoniambia ndicho kitakachonionyesha kama nina nyumba Temeke, au likizo zangu ni hapa kwa mama." Kisha akainama akaendelea kufua, nami nikaondoka kabla sijaharibu.

Hiyo ni habari ya miezi mitano iliyopita. Mtoto yuko kwangu. Asubuhi nampikia uji, mara unaungua, mara unakuwa maji, anakunywa hivyo hivyo na kunipa maksi. Nampeleka chekechea, mchana anakaa kwa jirani mpaka nirudi, na kazi za jioni nimeziacha, wateja waliokasirika wameshatafuta fundi mwingine. Kila siku saa moja usiku anaongea na mama yake kwa simu. Nampa simu, natoka nje, nakaa kibarazani mpaka aniite. Sitegi sikio. Nina uwezo wa kutega na sitegi, na ninajisifu kwa hilo kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Mama mkwe na mimi tuko kwenye kitabu cha nne sasa. Yeye anapaka njano, mimi napaka kijani, ili tusidanganyane tena. Hatuandikiani. Jumapili nikimpeleka mtoto Kipawa, nasalimia pazia, pazia linaitikia, nakunywa maji yangu ya ndimu narudi. Mwezi uliopita alipaka ukurasa mzima njano, kila mstari, na mpaka leo sijajua alitaka nione nini humo. Zamani ningekuwa nimeshamwandikia maana yake. Nimeusoma mara tatu, nitausoma tena.

Likizo inaanza wiki ijayo. Jana asubuhi nilikuwa nimepiga goti namfunga binti yetu kamba za viatu, akaniwekea mkono begani, akauliza, "Baba, mama akija akiniuliza, nimwambie nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, tamu, na nina hakika angelikariri neno kwa neno, maana mtoto ana akili za kwetu. Nikamaliza kiatu cha kwanza, nikafunga na cha pili, nikamwambia kwamba anayeulizwa ni yeye.